Kutunza vifaa vya makumbusho kwa teknolojia na ushirikiano wa jamii, Dodoma na mikoa ya kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu, viongozi wa vijiji, vikundi vya ngoma, wazee wa mila, wanafunzi wa vyuo na familia za Dodoma, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa, Manyoni na Singida ambao wana vifaa vya kale mikononi mwao, au wanafikiria kuanzisha chumba cha makumbusho shuleni, kanisani au katika ofisi ya kata. Baadhi ya maswali yamejibiwa kwa aya kadhaa na mengine kwa maneno machache, kwa kuwa uzito wake haulingani.

Kuhifadhi kifaa cha makumbusho ni kufanya nini hasa?

Ni kulinda mambo mawili yanayopotea kwa njia tofauti. La kwanza ni kifaa chenyewe: mti, ngozi, chuma, udongo, shanga na nyuzi. La pili ni maarifa yaliyokizunguka, yaani nani alikitengeneza, kwa mti gani, kilitumika msimu gani, nani aliruhusiwa kukishika na nani hakuruhusiwa. Mti huliwa na wadudu kwa miaka, lakini maarifa huweza kuondoka siku moja, mzee mmoja anapofariki.

Kwa maoni yangu, makumbusho madogo mengi hushindwa katika jambo hili la pili. Fedha hutafutwa, kabati la kioo hununuliwa, kisha kadi ya maelezo inaandikwa “Ala ya muziki, Wagogo” na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Kadi ya namna hiyo haimwambii mgeni kama zeze lile lilipigwa katika sherehe ya mavuno au uwanjani wakati wa kucheza, wala haimsaidii fundi wa kesho kutengeneza jingine. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilipopitisha maana mpya ya makumbusho mjini Prague mwaka 2022, liliweka wazi kwamba makumbusho hufanya kazi kwa ushiriki wa jamii. Kwa hiyo kushirikisha wenye vitu si hisani ya mkurugenzi mwenye moyo mzuri.

Dodoma ni pakavu. Kwa nini basi vifaa huharibika?

Kwa sababu ukavu haudumu mwaka mzima. Mji wa Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Mti na ngozi hufyonza unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Mti hutanuka na kusinyaa, hasa kwa upana wake. Kifaa cha mti mtupu huweza kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Kifaa kilichounganishwa na vitu viwili au vitatu, kama ngoma, hupata shida zaidi, kwa maana ngozi ikikauka huvuta kwa nguvu huku mzinga wa mti ukisinyaa kwa mwendo wake wenyewe, na mwishowe ama ngozi inapasuka kando ya vigingi ama mti unaachia ufa kutoka juu hadi chini. Kinachotafutwa katika ghala, basi, ni hali ya hewa isiyobadilika ghafla. Wahifadhi wengi hupenda unyevu uwe kati ya asilimia 45 na 55, lakini katika mikoa yetu kung’ang’ania viwango hivyo kwa viyoyozi ni gharama kubwa, na kiyoyozi kinachozimika kila umeme unapokatika huleta mabadiliko makali kuliko yale ya asili. Cha lazima ni kutoruhusu unyevu uzidi asilimia 65 kwa siku nyingi, kwa sababu hapo ukungu huanza kuota.

Kuna vumbi pia. Upepo wa miezi ya Agosti hadi Oktoba huingiza vumbi jekundu hata kwenye vyumba vilivyofungwa, na ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga ambazo hukwaruza uso wa kifaa kila anapokuja mtu kukifuta kwa kitambaa. Tumia brashi laini kulielekeza vumbi kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza uliofunikwa kwa wavu mwembamba. Kitambaa chenye maji kisiguse mti uliopakwa rangi, ngozi wala chuma.

Kisha jua. Nguo, manyoya na ngozi zilizotiwa rangi zinapooneshwa hupendekezwa zipate mwanga usiozidi luksi 50, ilhali jua la mchana wa Dodoma hupita luksi 100,000. Rangi iliyopauka hairudi kwa dawa yoyote. Chumba chenye dirisha kubwa linalotazama magharibi, ambacho kila mtu hukisifu kwa uzuri wake, ndicho kibaya kuliko vyote kwa kuweka vifaa vya namna hiyo.

Kabla ya kununua kitu chochote kingine, nunua au azima kifaa kidogo cha kielektroniki kinachorekodi joto na unyevu kila saa, ukiweke ghalani kwa mwaka mzima. Takwimu zake zitakuonesha kona ipi ya jengo imetulia. Mara nyingi ni chumba cha ndani kisicho na ukuta wa nje. Inafaa pia kukumbuka kwamba tembe ya Kigogo, kwa kuta zake nene za udongo na paa lake bapa la udongo, hutuliza joto vizuri kuliko ofisi ya matofali membamba yenye bati. Ubaya wa tembe ni mchwa na kuvuja kwa paa, na hayo mawili yanahitaji mtu wa kukagua mara kwa mara.

Tufanye nini tukikuta unga laini chini ya kigoda au mzinga wa ngoma?

Unga huo ni dalili kwamba kuna wadudu wanaotoboa ndani. Kitenge kifaa hicho mara moja kwa kukitia kwenye mfuko wa plastiki safi na kuufunga, kisha kagua jirani zake. Usipulize dawa ya kuulia wadudu. Dawa huacha madoa, hugeuza rangi na hudhuru watakaokishika miaka mingi baadaye.

Njia mbili zisizotumia sumu zinajulikana na zinafanya kazi. Ya kwanza ni kugandisha. Kifaa hufungwa ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, hewa nyingi ikiondolewa, kisha huwekwa kwenye friza inayofikia nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitolewa, kiachwe kimefungwa kwa saa 24, ili unyevu wa hewa unaogeuka maji kwa ubaridi utue juu ya plastiki na si juu ya mti. Njia hii haifai kwa ngoma yenye ngozi iliyokazwa wala kwa mti uliopakwa rangi inayobanduka. Ya pili ni kuwanyima wadudu hewa: kifaa hufungwa katika mfuko maalumu pamoja na vipakiti vinavyofyonza oksijeni, na huachwa kwa wiki tatu au zaidi mahali penye joto. Ngoma na zeze huvumilia njia hii vizuri.

Nataja jambo moja la kwetu ambalo miongozo ya Ulaya haina sababu ya kulitaja. Dumuzi, mdudu wa mahindi aliyeingia nchini kutoka bara la Amerika, hutoboa pia mbao kavu. Shule nyingi hutumia stoo moja kwa magunia ya chakula cha wanafunzi na kwa vifaa vya utamaduni. Vitenganisheni.

Mawe na madini nayo yanahitaji uhifadhi?

Ndiyo, baadhi yake. Dodoma ina makumbusho ya jiolojia chini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, na yeyote anayekusanya sampuli kwa ajili ya shule anaweza kujifunza kwao. Pairiti, madini ya chuma na salfa, ikipata unyevu mwingi huoza na kutoa asidi inayokula hata lebo na kasha. Amethisti, kito cha rangi ya zambarau, hupauka juani. Sampuli zenye urani, madini yaliyofanyiwa utafutaji Bahi na Manyoni, zisikae kwenye kabati la darasani kabisa.

Teknolojia ipi ianze kununuliwa?

Rejista. Najua jibu hili huwakatisha tamaa waliotarajia kusikia habari za skana na droni, lakini hakuna mashine inayosaidia mkusanyo usiohesabiwa. Kila kifaa kipewe namba moja isiyorudiwa. Namba hiyo iandikwe katika daftari gumu na katika jedwali la kompyuta, kisha ifungwe kwenye kifaa kwa utepe wa pamba. Kalamu ya wino na selotepu zisitumike juu ya kifaa. Andika jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyewe, vipimo, vitu kilivyotengenezwa kwavyo, alama zinazokitofautisha kama ufa au kiraka, mahali kilipotoka, aliyekitoa na masharti aliyoyaweka. Piga picha ya kila upande kwa simu, kando yake pakiwa na rula na kadi ya kulinganishia rangi. Mpangilio huu unafuata kiwango cha kimataifa kiitwacho Object ID, kilichozinduliwa mwaka 1997 ili kusaidia kutafuta vitu vilivyoibwa.

Faida yake imeonekana hapa nchini. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilikuja kutambuliwa katika makumbusho moja ya Geneva, na mwaka 2010 kikarudishwa Tanzania. Bila kumbukumbu za kukitambulisha, madai yangebaki kuwa neno la mtu dhidi ya neno la mtu.

Picha za pande tatu hutengenezwaje, na zina faida gani?

Njia iliyo rahisi ni fotogrametria. Mpiga picha huzunguka kifaa akipiga picha nyingi, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya kile kilichoonekana katika iliyotangulia, na programu ya kompyuta huziunganisha kuwa umbo moja linaloweza kugeuzwa na kupimwa. Kamera ya kawaida au simu nzuri inatosha. Kinachohitaji uangalifu ni mwanga uliotawanyika bila vivuli vikali. Vitu vinavyong’aa, kama shanga na shaba, huisumbua programu, na nywele za mkia wa ng’ombe huishinda kabisa.

Faida ya kwanza ni ya kihifadhi: umbo likipimwa leo na kupimwa tena baada ya miaka mitano, ufa uliokua utaonekana kwa milimita, mahali ambapo macho na kumbukumbu vingebishana. Faida ya pili ni kupunguza kushikwashikwa. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha vigoda vya Wagogo na vya Wanyaturu hahitaji kuvitoa vyote rafuni. Nakala iliyochapwa kwa printa ya pande tatu, nayo, huweza kushikwa na mgeni asiyeona au kuzungushwa darasani bila mtu kushikwa na hofu.

Je, tukiwa na nakala ya kidijitali, kifaa chenyewe kinaweza kutupwa au kuuzwa?

Hapana. Nakala haina harufu, haina uzito, haina chembe za mti zinazoweza kuchunguzwa maabara miaka hamsini ijayo, na faili linaweza kufa kabla ya mti.

Jamii inashiriki vipi, zaidi ya kualikwa siku ya ufunguzi?

Ushiriki huanza kabla kifaa hakijapigwa picha, kwa kuwauliza wenyewe nini kihifadhiwe na kwa nini. Chukua mfano wa ala za muziki za Wagogo. Mhifadhi aliyesomea kemia ataona kwamba nyuzi za zeze zimelegea na atataka kuziacha hivyo, kwa kanuni ya kutobadilisha kitu. Mpigaji ataona kwamba ala imeachwa katika hali ambayo hakuna mwenye zeze angeivumilia. Wote wawili wana hoja, na uamuzi mzuri hutoka wanapokaa meza moja: pengine ala ya zamani itulizwe bila kukazwa, na fundi alipwe kutengeneza nyingine mpya huku akirekodiwa kwa video hatua kwa hatua, kuanzia kuchagua mti. Hapo makumbusho hupata vitu vitatu kwa mpigo, yaani ala ya kale, ala inayolia na maarifa ya fundi. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki wa Kigogo katika majukwaa ya dunia kwa sababu ulikuwa umefundishwa mkono kwa mkono. Jambo hilo kabati peke yake haliwezi kulifanya.

Wazee wanapokuja kutambua vifaa, wawekewe viti vizuri, vifaa viletwe mbele yao kimoja kimoja, na maongezi yarekodiwe kwa sauti safi katika lugha wanayoitumia nyumbani, iwe Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kinyiramba. Tafsiri ya Kiswahili ifanywe baadaye. Mwanamke awepo kati ya wanaouliza, kwa sababu bibi aliyepiga muheme, ngoma za wanawake wa Kigogo, ujanani hatamweleza kijana wa kiume kila kitu kuhusu ngoma zile, na wala hapaswi kulazimishwa. Wazee wawili wakipingana juu ya matumizi ya kifaa, maelezo yote mawili yaandikwe, kila moja kwa jina la msemaji, kijiji chake na tarehe. Tabia ya kuchagua “jibu sahihi” moja imefuta tofauti nyingi kati ya vijiji.

Suala la malipo nalo lisikwepwe. Mtafiti hulipwa, dereva hulipwa, mpiga picha hulipwa; si haki mzee aliyetoka Bahi au Kwamtoro kutoa maarifa ya maisha yake aambulie soda. Nauli, chakula na posho viwemo kwenye bajeti tangu mwanzo, na nakala ya rekodi apelekewe nyumbani katika kadi ya kumbukumbu ya simu, kwa namna ambayo wajukuu wanaweza kuifungua.

Vipi kuhusu vifaa vya siri, vya jando na unyago, au vya kuombea mvua?

Hapa teknolojia inaweza kudhuru haraka kuliko mchwa. Kifaa ambacho kwa kawaida huonwa na watu wachache tu kikiwekwa mtandaoni kwa picha safi hakiwezi tena kurudishwa kuwa siri. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kuuliza kwanza, kurekodi baadaye, na kuchapisha mwisho kabisa, huku kila hatua ikihitaji ridhaa yake. Ridhaa ya kupigwa picha haimaanishi ridhaa ya kuwekwa mtandaoni. Kwa wasiosoma, ridhaa ichukuliwe kwa sauti, ikiwa imeelezwa kwa lugha yao, na pawepo nafasi ya kuibatilisha.

Hifadhidata nzuri huruhusu viwango vya kuona: taarifa za wote, taarifa za watafiti kwa kibali, na taarifa za wanajamii peke yao. Kanuni ziitwazo CARE, zilizotolewa mwaka 2019 na muungano wa kimataifa wa watetezi wa haki za data za jamii asilia, husisitiza manufaa ya pamoja, mamlaka ya kuamua, uwajibikaji na maadili. Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia sauti na sura za watu waliorekodiwa, kwa hiyo mtunza rekodi ana wajibu wa kisheria pamoja na ule wa heshima.

Ikiwa wazee wanasema kitu fulani kisipigwe picha hata kwa rejista ya ndani, andika namba yake, vipimo vyake na neno “kimezuiliwa”. Rejista itakuwa na pengo, na pengo hilo ni taarifa halali.

Michoro ya miambani ya Kondoa haiwezi kuingizwa ndani ya jengo. Inahifadhiwaje?

Eneo la Michoro ya Miambani ya Kondoa liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Lina mapango na miamba zaidi ya 150 yenye michoro, katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na sehemu yake inayojulikana zaidi ni Kolo, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi ya kunakili michoro mwaka 1951. Zamani wageni walizoea kumwagia maji michoro iliyofifia ili ionekane vizuri kwenye kamera, jambo lililoharibu rangi. Leo programu kama DStretch hukuza tofauti ndogo za rangi ndani ya picha ya kawaida, na mchoro wa twiga usioonekana kwa macho hujitokeza kwenye kompyuta bila mwamba kuguswa.

Ugumu uko kwingine. Baadhi ya miamba hiyo bado ni mahali pa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji, na kumwaga pombe ni sehemu ya ibada hiyo. Mhifadhi anayetazama rangi tu atataka kupiga marufuku. Lakini imani hizo hai ni sehemu ya sababu zilizoliingiza eneo hilo katika orodha ya UNESCO, na watu wanaofika kutambika ndio ambao wamekuwa walinzi wa miamba kabla ya afisa yeyote kuajiriwa. Ninaona njia ya haki ni makubaliano ya mahali kwa mahali, ambapo wazee wenyewe huonesha sehemu ya mwamba inayoweza kutumika bila kugusa michoro. Vipimo vya picha vinavyorudiwa kila mwaka vitaonesha kama makubaliano yanafanya kazi. Watu wakifukuzwa, miamba itabaki na uchafuzi wa watalii wanaochora majina yao, pamoja na wanaochimba wakidhani Wajerumani walifukia dhahabu.

Je, jamii inaweza kuazima kifaa ikitumie katika sherehe?

Inawezekana, na katika makumbusho mengi duniani hufanyika, lakini sharti la kwanza ni la afya. Katika karne ya 20 makumbusho mengi yalipaka vifaa aseniki, chumvi za zebaki au DDT ili kuua wadudu. Kofia ya manyoya au ngozi ya kuvaa iliyokaa ghalani tangu enzi za ukoloni huweza kuwa na sumu hadi leo. Kipimo cha mkononi kinachotumia eksirei hutambua aseniki na zebaki kwa dakika chache bila kukwangua kitu. DDT hakiioneshi, na kwa hiyo sampuli hupelekwa maabara. Kifaa kisichopimwa kisivaliwe wala kuwekwa mdomoni, na anayekishika avae glavu.

Mishale ya wawindaji wa Kisandawe na Kihadza ina hatari yake yenyewe. Sumu ya mimea iliyopakwa kwenye ncha huweza kubaki na nguvu kwa miongo mingi, hata ikionekana kama lami iliyokauka. Ncha zifunikwe, na lebo iseme wazi.

Vitu vyetu vilivyo Ulaya vinatuhusu katika kazi hii?

Vinatuhusu sana. Makumbusho ya Ujerumani yanatunza maelfu ya vitu vilivyochukuliwa kutoka nchi hii wakati wa ukoloni, vingine kwa kununuliwa na vingine kwa vita. Urejeshaji una historia ndefu kuliko mjadala wa sasa: fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga, Iringa, na mwaka 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Kwa mkoa kama Dodoma, teknolojia hutoa hatua ya kwanza. Picha na rekodi za sauti zinaweza kuletwa vijijini, wazee wakasema hiki ni nini na kilitoka wapi, na maelezo hayo yakawa ushahidi wa madai. Vivyo hivyo kwa sauti: mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wagogo mwaka 1950, na kazi zake zinatunzwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Ila nakala ya kidijitali ikitolewa kama badala ya kifaa kinachodaiwa, anayeipokea na aseme hivyo waziwazi kabla ya kutia saini.

Akili mnemba inaweza kuandika maelezo ya vifaa badala yetu?

Inasaidia kupanga picha na kuandika maongezi ya Kiswahili yaliyorekodiwa, ingawa lazima mtu apitie kila mstari. Kwa Kisandawe, lugha yenye sauti za vidoko, msitegemee chochote kwa sasa. Hatari yake kubwa ni kwamba hujaza pengo kwa maneno yanayosikika vizuri, na rejista ikishachafuliwa hivyo ni vigumu kujua kipi kilisemwa na mzee na kipi kilitungwa.

Mafaili yahifadhiwe wapi, nasi umeme hukatika na intaneti ni ya kusuasua?

Nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo. Diski ya pili inaweza kukaa katika ofisi ya halmashauri au chuoni, mradi kuna barua ya makubaliano. Sauti itunzwe katika muundo wa WAV na picha katika TIFF. Nakala ndogo za kutuma kwa simu zitengenezwe kutoka hizo. Mara moja kwa mwaka fungueni mafaili kuona kama yanafunguka, kwa sababu diski iliyofungiwa kabatini hufa kimya. Daftari la karatasi lisiachwe.

Nimekuta chungu cha kale au mawe yaliyochongwa shambani. Nifanye nini?

Usiendelee kuchimba wala usikioshe. Piga picha kikiwa mahali pake, weka alama, na umjulishe mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni wa halmashauri, ili taarifa ifike kwenye mamlaka ya malikale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya namna hii, na kuchimba au kupeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Chungu kilichotolewa bila kumbukumbu ya kina na udongo wake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, hata kikibaki kizima.

Ngoma ya babu iko nyumbani kwetu na imeanza kupasuka. Tuipeleke makumbusho?

Hilo ni la familia kuamua, na makumbusho isiwashinikize. Mkiamua kubaki nayo, itoeni ukutani palipo na jua na mbali na jiko, muiweke juu ya ubao au kigoda ili isiguse sakafu, na muifunike kwa shuka la pamba lililofuliwa bila sabuni ya manukato. Plastiki isitumike, kwa kuwa hufungia unyevu. Msiipake mafuta ya kupikia, ya taa wala ya breki ili ing’ae. Mafuta hunasa vumbi, huchacha na huzuia gundi kushika siku ya matengenezo. Ufa msiujaze kwa gundi ya dukani wala kwa simenti, bali pimeni upana wake kwa rula, pigeni picha, andikeni tarehe, na rudieni baada ya masika. Ikiwa umeongezeka, ndipo fundi wa ngoma na mhifadhi waitwe pamoja. Wakati mnasubiri, mketisheni mtu anayejua ilipigwa lini na nani, mkamrekodi kwa simu.